Mbuzi wa Faini

Mayige Machibya hakuuomba ulinzi wa ngitili ya Itubilo. Alipewa kwa sababu alikuwa amerudi kutoka Mwanza, ambako alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha samaki karibu ujana wake wote, na watu wa kijijini kwao, nje kidogo ya Sapiwi, walionelea kwamba mtu aliyezoea kuwazuia wenzake kupita asiachwe akae bure. Yeye mwenyewe alikuwa amerudi kupumzika. Wakampa fimbo, koti la mvua na msitu.

Ngitili ni neno ambalo kila Msukuma analijua na kila mgeni lazima aelezwe mara mbili. Mvua zikianza, sehemu ya malisho inafungwa. Majani yanaota, miti inachipua, hakuna ng'ombe anayeingia wala mtu anayefyeka. Kiangazi kikishakolea na mbuga ikabaki vumbi tupu, ndipo inafunguliwa, kipande kwa kipande. Kipande cha mwisho, kile kizuri kuliko vyote, ni cha ndama na ng'ombe waliodhoofu. Pale Itubilo kiko upande wa magharibi, chini ya mawe makubwa, ambapo migunga imeshikana na majani yanafika kiunoni. Ukikiharibu mwezi wa nne hakuna atakayekuona mbaya. Ubaya wako utaonekana mwezi wa kumi, ndama wakianza kulala na kushindwa kuinuka.

Tatizo ni kwamba msitu siku hizi si wa ng'ombe peke yao. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mji umejaa watu wa ofisini, na watu wa ofisini wana shida moja ambayo mkulima wa pamba hajawahi kuugua: Jumamosi hawana la kufanya. Walikuja maharusi kupiga picha wakiegemea mawe. Ikaja kwaya kurekodi video, ikapanda juu ya jiwe na sare zake na kinanda chake, ikarudia wimbo mmoja kuanzia asubuhi mpaka jua likaishusha. Walikuja wapenzi ambao hawakutaka kabisa kupigwa picha. Akina mama wa kijiji nao walikuwa wakiokota kuni kavu, waganga wakichimba mizizi yao, na kila kundi lilikuwa na hakika kwamba waharibifu wa msitu ni wale wengine.

Mayige akawagawa. Njia ni ya kila mtu, mwaka mzima. Juu ya mawe ni kwa wanaoomba na wanaopigwa picha, ila si kwa pamoja, maana kuna siku bibi harusi mmoja aliingizwa kwenye maombi ya kufukuza mapepo kabla mumewe hajawahi kujieleza. Kuni ni katikati ya juma. Mganga apite kwanza nyumbani kwa Mayige aseme anakwenda kuchimba nini. Majani si ya mtu mpaka yafunguliwe.

"Haina ugumu," alimwambia mkewe, Nyanjige. "Ni kama mazizi. Ukiwachanganya wanapigana, ukiwapa zamu wanakula."

"Kamwambie hivyo bibi harusi," alijibu Nyanjige.

Nyanjige alikuwa na haki ya kuuliza maswali juu ya msitu huo kuliko mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Ng'ombe wengine walikuwa wa ukoo wa mume, lakini mmoja alikuwa wake, amempata kwa pamba ya shamba lake mwenyewe, na mwanzoni mwa masika alizaa ndama jike, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Kiangazi kilichotangulia ndama wake alikufa. Hakulisema hilo mara nyingi. Jioni alikuwa akimtazama huyu mwekundu, halafu anatazama magharibi.

Mwezi wa tatu ikaja Taratibu Jogging, klabu ya mazoezi ya mjini. Ilikuja na Coaster ya kukodi, na hilo Mayige hajalielewa mpaka leo: watu wanataka kukimbia, kwa hiyo wanapanda gari wapelekwe mahali pa kukimbilia. Walivaa fulana za rangi ya chungwa. Mwenyekiti wao alikuwa Abdulrazak, afisa manunuzi katika ofisi moja ya mjini, mtu wa Kisarawe, ambaye mke na watoto alikuwa amewaacha huko huko kwao. Alikuwa na tumbo ambalo mazoezi yalikuwa bado hayajapata taarifa zake. Walikimbia njiani vizuri tu hadi kwenye mawe. Hapo wakachoka, wakaingia magharibi, wakalala chali kwenye majani na kuanza kurusha miguu hewani.

Mayige alisimama na fimbo yake akawatazama. Alikuwa ameshakamata wezi wa samaki wa kila namna, hata mmoja aliyeficha sangara kwenye suruali, lakini hakuwa amewahi kukuta watu wazima, wengine wenye vyeo, wamelala porini wakipiga hewa mateke.

"Hapa pamefungwa," alisema.

"Pamefungwa na nini?" Abdulrazak aliuliza bila kuinuka. "Sioni mlango."

"Pamefungwa na watu."

Abdulrazak aliketi, akamwangalia vizuri. "Wewe Msukuma?"

"Ndiyo."

"Mimi Mzaramo. Basi tumekwisha. Angekuwa mtu mwingine tungeelewana, lakini mtani hana huruma."

Ni kweli, Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe na usinune. Mayige alimwambia kwamba kwa tumbo lile angemfungulia zizi la ng'ombe wenye mimba, akapumzike huko kwa amani. Fulana zote za chungwa zikacheka. Halafu akawapeleka kwenye baraza, kwa sababu utani haufuti kosa.

Baraza la kijiji, lile wanaloliita dagashida, lilikuwa chini ya Bujiku, mzee mnene kidogo, mpole, anayependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Hukumu yake ilikuwa ile ya siku zote. Aliyeingia kwenye ngitili iliyofungwa analeta mbuzi, anamchinja mbele ya watu, watu wanakula na yeye anatazama. Adhabu haiko kwenye mbuzi. Iko kwenye kutazama, majirani zako wakitafuna mbele yako na kukusifia mafuta ya mbuzi wako. Kuna wanaume pale kijijini walioadhibiwa hivyo zamani na hadi leo wakisikia harufu ya nyama ya kuchoma wanabadili njia.

Hakuna aliyewaeleza Taratibu Jogging sehemu hiyo ya kutazama. Kila mtu alidhani inajulikana.

Jumamosi iliyofuata walileta mabeberu wawili badala ya mmoja, kreti za soda, spika, na mtu wa kuchoma kutoka mjini. Hawakutazama hata kidogo. Walikaa katikati ya wazee wakala nao. Abdulrazak alisimama akatoa hotuba ya kuwashukuru wanakijiji kwa mapokezi, akasema tangu ahamishiwe Simiyu hajawahi kuadhibiwa vizuri namna hii. Bujiku alipewa paja zima na fulana. Fulana aliivaa hapo hapo.

Mwezi uliofuata Abdulrazak alikuja mapema kwa bodaboda, akamkuta Mayige kwenye njia.

"Mwangaluka, baba," alisalimia. Alikuwa ameshaanza kujifunza Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mtani, nimetumwa kuuliza. Mwezi huu tukosee wapi?"

Mayige alifikiri ni utani. Haukuwa utani. Coaster ilikuwa tayari iko njiani.

Ikawa hivyo masika yote. Kila mwezi Taratibu Jogging walikimbia kidogo, wakakanyaga majani wanayojua wameyakatazwa, wakajisalimisha wenyewe na kulipa faini na pilipili. Kijiji nacho kilikuwa kimeshazoea. Watoto waliijua sauti ya Coaster. Wazee ambao zamani walihitaji kuitwa barazani mara tatu sasa walifika kabla ya mkosaji. Mayige alipomwendea Bujiku kulalamika, alimkuta ndani ya fulana ya chungwa, Bujiku akamsikiliza kwa upole wote na kumwambia kwamba sheria inafuatwa, wakosaji wanalipa, na afya za wazee zimekuwa nzuri mwaka huu. Mayige alirudi nyumbani amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba na yeye ile nyama alikuwa ameila.

Huku magharibi majani yalikuwa yamelala. Pale walipozoea kukaa palibaki uwanja, una majivu katikati na vizibo vya soda. Pakapata jina: Kwa Faini. Bodaboda wa Bariadi walikupeleka bila kuuliza.

Hapo ndipo Mayige alipofanya kosa lake mwenyewe. Kule kiwandani Mwanza geti zima lilikuwa na mabango, na aliamini kwamba mtu asiyesikia maneno anasikia rangi. Akaenda mjini kwa Ikupa, afisa misitu, binti wa Tukuyu aliyekuwa na mwaka wa pili tu Simiyu, akamwomba bango. Aliyataka maneno haya: Usikanyage majani, faini mbuzi mmoja.

"Bango nitakupa, baba," Ikupa alisema. "Lakini hiyo ya mbuzi tuiache. Ukiandika hivyo watu wataona ni bei."

"Wataogopa."

"Hawataogopa, baba. Watachangishana."

Mayige aliona kwamba binti ni mzuri lakini bado mdogo. Alishikilia mbuzi wake, akapewa. Bango lilisimikwa pale pale Kwa Faini, herufi nyekundu. Haikupita hata wiki mbili, wakafika walimu wa shule moja ya mjini, wameiona picha ya bango kwenye simu ya mtu wakiwa bado Bariadi, na beberu wao kwenye bodaboda. Baada yao wakaja watu wa sherehe ya kuzaliwa. Waliuliza kama wanaweza kulipa faini kwa kuku, kwa kuwa wao ni wachache.

Mayige aling'oa bango siku hiyo hiyo, akalirudisha kwa Ikupa amelibeba begani. Ikupa alilipokea akaliweka nyuma ya mlango, hakusema neno. Mayige alimheshimu kwa hilo kuliko kama angesema.

Mwezi wa saba aliomba baraza liitwe, na safari hii hakukuwa na mbuzi, kwa hiyo watu walikuja taratibu. Alisimama akasema faini ya mbuzi ifutwe. Irudi ile adhabu kubwa ya wazee, kutengwa. Anayeingia kwenye ngitili asisalimiwe, asipewe maji, asiombwe wala kuazimwa moto, asijibiwe neno, mpaka mvua za kupandia. Na atakayezungumza naye atengwe vilevile.

Bujiku alikuna kidevu. "Hiyo ni kwa watu wetu, Mayige. Mgeni hatengwi. Mgeni ukimnyamazia anadhani hujui Kiswahili."

Wazee walikubaliana naye, na walikubaliana upesi mno. Kwa kawaida wanawake kwenye baraza hilo husikiliza wakiwa nyuma. Nyanjige alikuwa amesikiliza nyuma mpaka akachoka.

"Hao si wageni," alisema. "Wamekula na sisi tangu mwezi wa tatu. Mwenyekiti umevaa nguo yao."

Bujiku alijitazama kifuani.

"Nyama mmekula ninyi," Nyanjige aliendelea. "Mimi nina ndama mmoja. Mwaka jana nilimshika wangu kichwa mpaka akafa, hakuwa na nguvu hata ya kunyonya. Sasa niambieni, mwezi wa kumi huyu nimpe nini? Nimpe mifupa yenu?"

 Sheria ikapita, na Bujiku akaenda nyumbani kubadilisha nguo.

Jumamosi ya Coaster ikafika. Abdulrazak aliambiwa na dereva wa bodaboda kwamba mambo yamebadilika, akacheka, akaona ni utani mpya. Alishuka na beberu wake, akaelekea moja kwa moja magharibi na wenzake nyuma, wakakanyaga, wakasubiri kukamatwa. Hakuna aliyekuja. Wakampeleka beberu kijijini wenyewe.

"Mwangaluka, mayu," Abdulrazak alimsalimia mama mmoja aliyekuwa akianika mtama. Mama alianika mtama.

Alimsalimia Bujiku. Bujiku aliyaangalia mawingu, ambayo hayakuwepo. Walikaa kwenye uwanja wa baraza na spika yao mpaka mchana, na watu walipita kando yao wakienda kisimani, wakirudi, bila haraka na bila chuki, kana kwamba uwanja ni mtupu. Mtu wa kuchoma aliuliza kama awashe moto. Hapakuwa na wa kumwomba moto. Mwishowe walimpakia beberu kwenye Coaster wakaondoka naye. Mwezi uliofuata hawakuja, na ikasikika kwamba wanakimbia uwanja wa mpira mjini, kwa kuuzunguka.

Majani ya magharibi yalichelewa, lakini yaliinuka.

Ila Abdulrazak alirudi. Alikuja peke yake, Jumamosi, kwa bodaboda, akatembea kwenye njia. Hakukanyaga hata jani moja. Mayige alikuwa amekaa kwenye jiwe lake karibu na njia, na Abdulrazak akakaa kwenye jiwe la upande wa pili.

"Najua unanisikia," alisema. "Masikio hayajatengwa."

Mayige aliangalia fimbo yake.

Jumamosi ile alieleza jinsi nyumba aliyopanga ilivyo kubwa kuliko mahitaji yake. Jumamosi nyingine alisema Wasukuma wanaweza kumsahau mtoto sokoni lakini ng'ombe hawawezi. Mayige alikuwa na jibu la hilo, tena zuri sana, linalohusu Wazaramo na ngoma, na alilimeza. Jioni alimpa Nyanjige. Nyanjige alicheka, lakini jibu la mtani likipewa mtu mwingine ni kama chai ya jana. Zilikuwepo Jumamosi nyingine, Abdulrazak akizungumza zaidi habari za mama yake, ambaye alikuwa Kisarawe, anaumwa miguu, anapiga simu kila siku kuuliza kama huko Usukumani watu wanamsalimia mwanawe.

"Namwambia wananisalimia," alisema Abdulrazak. "Namwambia nina mtani wangu huku, mtu mkali. Mama anakusalimia sana, kwa kweli. Amesema nikienda nawe Kisarawe atakuchinjia kuku."

Mayige alitamani kumjibu kiasi kwamba ilibidi ainuke aende kukagua msitu. Alijua sheria ni yake. Alijua pia kwamba akimjibu huyu, wenye hamu ya mbuzi watasema sheria imekufa, na mwaka ujao hapatakuwa na jani. Alikagua msitu mpaka aliposikia bodaboda ikiondoka.

Halafu Abdulrazak akapotea. Jumamosi zikapita. Mayige alikaa kwenye jiwe lake, na hakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa kumuulizia aliyetengwa nako ni kumzungumza. Mwezi wa kumi ukaingia, magharibi ikafunguliwa, na Nyanjige akamswaga ndama wake mwekundu mpaka katikati ya majani na kusimama pale mikono kiunoni, amefurahi waziwazi kama msichana.

Jumamosi ya wiki hiyo Abdulrazak akarudi. Hakuvaa fulana. Alivaa shati la kawaida na kofia ya msikitini, amekonda, akaketi kwenye jiwe lake.

"Mama amefariki," alisema. "Tumemzika Kisarawe. Nimerudi jana."

 Hakutania. Alikaa tu na mikono yake magotini.

Kwa Wazaramo, na kwa Wasukuma pia, msiba bila mtani haujakamilika. Mtani ndiye anayewachekesha wafiwa pale wengine wanapoogopa hata kukohoa. Mayige alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba akina mama wa kuni walikuwa karibu, na kwamba yeye ndiye mlinzi. Alitazama fimbo. Alitazama majani. 

"Nani kamruhusu?" alisema. Sauti ilitoka vibaya, akaanza upya. "Nani kamruhusu huyo mama aondoke, na kuku wangu sijala? Wazaramo hamna adabu. Mtu anaahidi kuku, halafu anakwenda kujificha kaburini."

Abdulrazak alicheka. Alicheka huku analia, kwa muda mrefu, na Mayige alivuka njia akakaa naye.

Abdulrazak alipoondoka, Mayige alifanya kazi yake. Alijikamata, akajipeleka kwa Bujiku, akasema amemkuta mlinzi wa ngitili akizungumza na aliyetengwa. Bujiku alimtazama kwa huzuni. Alianza kusema kwamba labda, kwa kuwa ni msiba. Mayige akamwambia hapana, ukimwachia huyu utamwachia na mwenye beberu. Akatengwa mpaka mvua za kupandia.

Mlinzi aliyetengwa analinda vizuri tu. Anaonyesha njia kwa fimbo. Maharusi walimwona mzee wa heshima, kwaya iliona ni bubu ikamwombea. Kijijini watu waliyaangalia mawingu. Nyumbani Nyanjige alimwekea chakula na kukaa kimya, kwa sababu sheria hiyo aliipigania yeye mwenyewe na hakuwa mwanamke wa kuipinda.

Jumamosi iliyofuata watengwa wawili walikaa kwenye njia, kila mmoja na jiwe lake, wakatukanana tangu asubuhi. Hakuna aliyeweza kuwaadhibu zaidi ya hapo. Majibu yote aliyoyameza tangu mwezi wa saba Mayige aliyatoa moja moja, na lile la ngoma alilirudia.

Mchana Nyanjige alikuja na ugali na mlenda kwenye kapu. Aliweka sahani chini katikati ya mawe mawili, na ugali ulikuwa wa watu wawili. Hakuwatazama. Aliingia kwenye majani hadi kwa ndama wake, akamshika shingo, ndama akaendelea kutafuna.

"Wewe ndama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mwambie huyo baba wa Kisarawe, pole kwa kufiwa na mama yake. Mwambie nilitaka kusema siku ile ile."

Abdulrazak aliweka tonge chini. 

"Ndama," alisema, "mwambie mayu nimeshapoa."

Nyanjige aliitikia kwa kichwa kumwelekea ndama, akachukua kapu lake akaenda.